Kanda ya Septemba 23

Baba Mdogo alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda pale Korogwe, karibu na stendi, na likizo zangu nyingi za shule ya msingi nilizimalizia humo. Kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi na kurudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri. Kanda zilipangwa kwa makundi, na kila kundi lilikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwa wino mwekundu: DANSI, TAARABU, INJILI, ZILIPENDWA. Chini kabisa, ndani ya boksi lililokuwa la sabuni, kulikuwa na kundi la mwisho: ZA NJE. Humo walikaa wote. Jim Reeves alilala juu ya Boney M, Dolly Parton kabanwa ubavuni na Jimmy Cliff. Sisi tulikuwa na aina nne za muziki. Dunia nzima iliyobaki ilikuwa na aina moja.

Alipofariki, boksi hilo nikapewa mimi. Kanda nyingi zimeota ukungu. Moja, ya dakika 90, bado inalia vizuri, na kwenye jalada lake kuna maneno machache tu kwa mwandiko wake wa kulala: "23/9. Siku yangu." Upande A ni Ray Charles. Upande B ni John Coltrane. Pale mwishoni ambapo nafasi ilibaki, upande mmoja kamchomeka Julio Iglesias na upande wa pili Bruce Springsteen. Soul, jazi, nyimbo za mapenzi za Kihispania na roki, ndani ya kanda moja, bila hata salamu kati yao.

Wote wanne walizaliwa Septemba 23. Coltrane mwaka 1926, Charles 1930, Iglesias 1943, Springsteen 1949. Wa tano ni Baba Mdogo mwenyewe, ingawa huyo ana maelezo yake.

Baba Mdogo hakujua siku aliyozaliwa. Bibi alichokumbuka ni kwamba mahindi yalikuwa yameshaingia darini. Siku alipokwenda kuomba kazi ya ukarani kwenye shamba la mkonge, akapewa fomu yenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa. Mwenye kugawa fomu akamwambia aandike tarehe mosi Januari kama wengine, maana nusu ya wafanyakazi pale walikuwa mapacha wa Januari mosi. Baba Mdogo akakataa. Alikuwa msikilizaji wa kipindi cha jazi cha Sauti ya Amerika, kile cha Willis Conover kwenye masafa mafupi, na humo alikuwa amepata kusikia kwamba Coltrane na Ray Charles walizaliwa siku moja. Akaandika 23 Septemba. Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa siku yake, kwenye kitambulisho, kwenye cheti cha ndoa, hata msalabani.

Nilipokuwa mtoto hadithi hii ilinichekesha. Siku hizi naona alikuwa katika kundi la watu wa maana. Louis Armstrong aliishi maisha yake yote akisema amezaliwa Julai 4, 1900, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na ni baada ya kufa kwake ndipo kitabu cha ubatizo kilipoonyesha Agosti 4, 1901. Na tukija kwetu, nani anajua siku aliyozaliwa Siti binti Saad? Bi Kidude alipofariki Aprili 17, 2013, magazeti yalijua vizuri siku ya kifo, lakini kwenye umri kila moja lilibahatisha kivyake. Siku ya kuzaliwa inahitaji mtu mwenye kalamu awepo, na aone kwamba huyu mtoto anastahili wino. Wengi wa waliotuimbia hawakumpata mtu huyo.

Na kuzaliwa siku moja na mtu mwingine si muujiza wowote. Wataalamu wa hesabu wanasema ukikusanya watu 23 tu chumbani, uwezekano wa wawili kati yao kushirikiana siku ya kuzaliwa unavuka nusu. Ishirini na tatu, tena! Baba Mdogo angeifurahia sana hiyo. Kwa hiyo sitaki kumwambia msomaji wangu kwamba nyota ziliwapanga hawa watu. Ninachosema ni kwamba tarehe ni namna nyingine ya kupanga kanda. Ukizipanga kwa aina ya muziki, Charles na Coltrane hawakutani. Ukizipanga kwa tarehe wanalala kitanda kimoja, na hapo unaanza kusikia mambo ambayo rafu ilikuwa inayaficha.

Kwa nini Baba Mdogo alihitaji kusikia mambo hayo? Hapa inabidi niseme la nyumbani.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja wa milimani. Baba Mdogo aliimba chini yake, sauti ya tatu. Halafu Baba Mdogo akaanza kupiga gitaa Jumamosi usiku kwenye klabu ya wafanyakazi wa mkonge, na Jumapili asubuhi yupo kwenye kwaya, macho mekundu lakini sauti ipo. Hilo Baba alilivumilia. Hakuvumilia siku alipopita karibu na klabu akasikia tuni ya wimbo wa kitabuni, tuni aliyoifundisha yeye kwa uma wake wa sauti, imepachikwa maneno ya kumbembeleza mwanamke. Jumapili iliyofuata akamsimamisha mdogo wake mbele ya kwaya nzima na kumwambia atoke. Hawakusemezana kwa miaka tisa. Sisi watoto tulikuwa tukibeba salamu: "Mwambie baba yako..." "Mwambie huyo baba yenu mdogo..."

Sasa msikilize Ray Charles.

Alizaliwa Albany, Georgia, akakulia Greenville, kijiji cha Florida. Mama yake alifua nguo za watu. Siku moja mdogo wake, George, alitumbukia ndani ya beseni kubwa la kufulia. Ray, mtoto wa miaka kama mitano, akajaribu kumvuta akashindwa, na George akafa maji mbele ya macho yake. Muda si mrefu macho yenyewe yakaanza kuzimika, na alipofika miaka saba yalikuwa gizani kabisa. Akapelekwa shule ya wasiosikia na wasioona huko St. Augustine. Kule alijifunza kusoma muziki kwa nukta za Breli, na hebu fikiria kazi hiyo: mkono mmoja unasoma, mwingine unapiga, kisha unabadilisha. Huwezi kusoma na kupiga kwa mikono miwili kwa pamoja. Lazima wimbo mzima uuweke kichwani kwanza. Alipokuwa na miaka 14 mama yake akafariki. Mwaka 1948 akaamua kwenda mji wa Marekani ulio mbali kabisa na Florida, akaangukia Seattle, na huko akakutana na kijana mwingine mwenye njaa ya muziki aliyeitwa Quincy Jones. Lile jina la ukoo, Robinson, alilitupa, maana bondia Sugar Ray Robinson alikuwa ameshalijaza ulimwengu.

Novemba 1954, katika kituo kimoja cha redio mjini Atlanta, akarekodi "I Got a Woman". Wimbo ule ulijengwa juu ya wimbo wa injili uliokuwa ukivuma redioni. Mwendo wa kanisani, makofi ya kanisani, zile kelele za mtu aliyeshukiwa na Roho, na maneno yake ni ya mwanamke anayemtunza mwanamume wake. Baadaye akaongeza wanawake wa kuitikia nyuma yake, yaani kwaya, wakaitwa Raelettes. Wahubiri walikasirika, hilo lingetarajiwa. La kushangaza ni kwamba hata watu wa bluzi walikasirika. Big Bill Broonzy, mzee wa bluzi hasa, alilalamika kwamba kijana huyu anachanganya bluzi na nyimbo za kiroho, na kwamba mwenye sauti ya namna ile mahali pake ni kanisani. Kulikuwa na mpaka, na pande zote mbili zilikuwa na walinzi.

Nilipoyasoma haya kwa mara ya kwanza, nikiwa chuo, niliweka kitabu chini. Nilimwona Baba na uma wake wa sauti.

Kwa uaminifu lazima niseme kwamba Baba hakuwa mjinga. Hoja yake ilikuwa hii: tuni nayo ina kumbukumbu. Mjane aliyeuimba ule wimbo kaburini kwa mumewe anapousikia klabuni anaibiwa kitu, na hakuna wa kumlipa. Bado sina jibu zuri kwa hilo. Ray Charles alikuwa na jibu la kwake. Alisema anaimba kama anavyojua kuimba, na alichokijua alikipata kanisani na barabarani kwa wakati mmoja. Mwaka 1959 akatoa "What'd I Say", baadhi ya redio zikaifungia kwa sababu ya ile miguno ya kuitana na kuitikiana. Sikiliza kwa makini. Ni mchungaji na waumini wake. Kilichobadilika ni saa tu.

Halafu akavuka mpaka mwingine. Mwaka 1962 akatoa santuri nzima ya nyimbo za kantri, muziki uliohesabiwa kuwa wa Wazungu wa vijijini, "Modern Sounds in Country and Western Music". Kampuni ilikuwa na wasiwasi, lakini santuri ikapanda hadi namba moja. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwani sisi tulimlilia Jim Reeves kwenye vilio vya jirani bila kumuuliza mtu ruhusa.

Kuna jambo moja la kihistoria ambalo filamu ya "Ray" ya mwaka 2004 imelipotosha, na kwa kuwa wengi wamelipata huko, nalisahihisha. Machi 1961 Charles alikataa kupiga Augusta, Georgia, baada ya kufahamu kwamba ukumbi utawatenga Weusi. Hiyo ni kweli. Alishtakiwa na mwandaaji akalipa faini. Hiyo nayo ni kweli. Lakini jimbo la Georgia halikumpiga marufuku maisha, kama filamu inavyosema. Mwaka 1979 Georgia ilifanya "Georgia on My Mind" kuwa wimbo rasmi wa jimbo, wimbo ulioandikwa na Hoagy Carmichael na mwenzake, lakini uliopewa uhai na sauti ya mtoto wa Albany. Kisa kama kilivyokuwa kinatosha bila kuongezwa chumvi.

Sasa geuza kanda.

Kwanza onyo dogo la lugha. Mtu wa Morogoro au Tabora wa umri fulani ukimtajia jazi anafikiria magitaa: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Bendi hizo zilikuwa za dansi, zenye rumba ndani yake, na neno jazi lilikuwa kama koti zuri la kuvaa kwenye bango. Mimi mwenyewe nilipobonyeza upande B kwa mara ya kwanza nilisubiri gitaa. Likaja gongo, kisha saksofoni, kisha besi yenye noti nne zinazojirudia. Nilidhani kanda imeharibika.

Coltrane alizaliwa Hamlet, North Carolina, miaka minne kabla ya Charles, akakulia High Point. Babu yake mzaa mama alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyepiga ala kwa kujifurahisha. Akiwa na miaka 12, ndani ya miezi michache, akazikwa babu, akazikwa baba, akazikwa bibi. Ni wakati huohuo ndipo aliposhika ala na kuanza kufanya mazoezi kwa namna iliyowachosha majirani, na hakuacha mpaka kufa. Alipigia vilabu, alipiga kwenye bendi ya Miles Davis, akazama kwenye heroini kama Charles alivyozama. Mwaka 1957 Davis akamfukuza. Mwaka huohuo akaacha dawa, na baadaye akaandika kwamba katika mwaka ule alipata mwamko wa kiroho kwa neema ya Mungu. Charles aliacha mwaka 1965.

Kazi yake kuu ya ibada aliirekodi Desemba 9, 1964, kwenye studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey, kwa kikao kimoja, akiwa na McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma. "A Love Supreme" ina sehemu nne na haifiki dakika 35. Sehemu ya mwisho inaitwa "Psalm", yaani Zaburi. Wasomaji wa fasihi, hapa ndipo penu. Ndani ya jalada la santuri Coltrane alichapisha shairi alilolitunga mwenyewe kumshukuru Mungu. Kwa miaka watu walilichukulia kama pambo. Kisha wachunguzi wakagundua kwamba saksofoni katika "Psalm" inalisoma shairi lile, silabi kwa silabi. Chukua jalada, weka kidole kwenye mstari wa kwanza, fuata. Kila neno lina noti zake, kila nukta ina pumzi yake. Ni mtu anayeghani bila kufungua kinywa kwa maneno. Sisi tuliolelewa na watu wa kughani tenzi hatuhitaji kuelezwa kwamba kuna sauti kati ya kusema na kuimba.

Basi unaona walivyopishana hawa wawili. Charles alichukua muziki wa kanisa akaupeleka klabuni, na Coltrane akachukua muziki wa klabu, uliolelewa katikati ya moshi wa sigara na chupa, akaupeleka kwa Mungu. Huko San Francisco lipo kanisa linalomheshimu Coltrane kama mtakatifu, na ibada huendeshwa kwa muziki wake. Walipita mlango mmoja, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Baba Mdogo aliwaweka mgongo kwa mgongo kwenye utepe uleule, na ninaamini kabisa kwamba kanda ile ilikuwa barua kwa kaka yake. Hakuituma.

Tena hawakuwa mbali hivyo maishani. Kampuni ya Atlantic ilimrekodi Charles katika miaka ya hamsini, naye alipokuwa anaondoka Coltrane alikuwa anaingia. Lebo ya Impulse! ilipoanza kutoa santuri mwaka 1961, santuri yake namba 2 ilikuwa ya Charles, "Genius + Soul = Jazz", ambayo Quincy Jones aliipangia sehemu ya muziki. Namba 6 ilikuwa ya Coltrane, "Africa/Brass". Zote mbili zilirekodiwa kwa Van Gelder, kwenye studio ileile ya "A Love Supreme".

Afrika ile ya kwenye jina haikuja kwa bahati mbaya. Mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya uhuru wetu, Coltrane alikuwemo kwenye kikundi cha mpiga tarumbeta Wilbur Harden kilichorekodi kipande kiitwacho "Tanganyika Strut". Ndiyo, Tanganyika. Wakati huo wanamuziki Weusi wa Marekani walikuwa wanafuata ramani ya Afrika kwa karibu sana, nchi baada ya nchi. Na ile Desemba 9 ya "A Love Supreme"? Ilikuwa siku ya kutimiza miaka mitatu tangu uhuru wa Tanganyika. Hili ni sadfa tupu, nimeshasema sitaki nyota. Linaniuma tu kwamba Baba Mdogo hakuwahi kuisikia "Tanganyika Strut". Mimi niliipata kwenye intaneti miaka baada ya kumzika.

Coltrane alifariki Julai 17, 1967, kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 40.

Kuhusu Julio Iglesias nitapita haraka, kwa sababu aliwekwa kwenye kanda kwa ajili ya Mama Mdogo, na mimi si mpenzi wake. Alikuwa mlinda mlango katika timu ya vijana ya Real Madrid. Mwaka 1963, alipokuwa anatimiza miaka 20, ajali ya gari ikamlaza kwa muda mrefu bila kuweza kutembea, na muuguzi akamletea gitaa ili vidole vipate kazi. Mwaka 1968 alishinda tamasha la nyimbo la Benidorm. Yaliyobaki kayaulize kwa shangazi yako.

Springsteen ni habari nyingine. Kwenye boksi la ZA NJE yeye alikuwa ndiye Mmarekani hasa, na wateja waliomwagiza waliimba kibwagizo cha "Born in the U.S.A." kwa ngumi hewani kama wimbo wa taifa. Hata Rais Reagan alimtaja kwa sifa kwenye mkutano wa kampeni huko New Jersey mwaka 1984. Ukisikiliza mistari yenyewe, ni habari ya askari aliyerudi kutoka Vietnam akakosa kazi na mahali pa kwenda. Kwa hiyo kutoelewa Kiingereza hakukuwa shida ya Korogwe peke yake.

Lakini Springsteen ninayempenda ni wa "Nebraska", 1982. Nyimbo zile alizirekodi nyumbani, peke yake, kwenye mashine ndogo ya kanda yenye njia nne, kama mazoezi tu ya kuwaonyesha wenzake wa bendi. Kanda ile akawa anatembea nayo mfukoni, haina hata kasha. Walipojaribu kuzipiga nyimbo hizo studio na bendi nzima, zilikufa. Mwishowe ikatolewa kanda ileile ya mfukoni, na mikwaruzo yake. Mtu aliyeishi kwa kurekodi kanda kibandani angemkumbatia.

Wawili kati ya hawa wanne walipata kusimama chumba kimoja. Usiku wa Januari 28, 1985, huko Los Angeles, zaidi ya wasanii 40 walikusanyika kurekodi "We Are the World" kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Wazo la kukusanya watu lilikuwa la Harry Belafonte, na msimamizi wa muziki alikuwa Quincy Jones, yuleyule wa Seattle. Springsteen alifika sauti ikiwa imekwaruzika kwa ziara. Charles alikuwepo, miaka 54, mmoja wa wazee wa chumba. Katikati ya usiku Stevie Wonder akatoa wazo: tuweke maneno ya Kiswahili. Mjadala ukazuka, watu wamechoka, saa zinakwenda. Waylon Jennings, mwimbaji wa kantri, akatoka zake. Wonder akakumbushwa kwamba Ethiopia hawasemi Kiswahili, na wazo likafa.

Nilijifunza kisa hiki mwaka 2024 nikitazama filamu ya kumbukumbu ya usiku ule, nikacheka mpaka nikakaa chini. Lugha yetu ilifika mlangoni pa wimbo ule ikageuzwa, na kwa haki kabisa! Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba Belafonte, aliyekuwa amesimama palepale kwenye kwaya, alikuwa ameshaimba "Malaika" kwa Kiswahili na Miriam Makeba miaka 20 kabla, kwenye santuri yao ya 1965. Baba Mdogo aliiweka santuri ile ya Belafonte na Makeba kwenye kundi gani? ZILIPENDWA. Hakuwahi kuiona kuwa ya nje.

Septemba iliyopita nilipanda milimani na redio kaseti na kanda ile. Baba sasa ana miaka zaidi ya 80, masikio bado mazima. Sikumwambia ni nini. Nilimwamkia, tukanywa chai, nikaweka upande B, nikausogeza mbele mpaka "Psalm". Alisikiliza kwa kuinamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya akitafuta nani kwenye kwaya amepotoka. Ilipokwisha akasema, "Huyu anasali." Nikamwambia kanda ni ya nani. Akakaa kimya muda mrefu.

"Nilimtoa sauti ya tatu," akasema. "Mpaka nastaafu ile nafasi sikupata mtu wa kuijaza."

Nikamuuliza kama anataka kusikia na upande mwingine. Akauliza una nini. Nikamwambia una yule kipofu aliyechukua nyimbo za kanisani. Akainua mkono, akaufikiria, akaushusha.

"Weka," akasema, "lakini punguza sauti. Majirani wanajua nyumba hii ni ya mwalimu wa kwaya."